Mbio za msimu wa kaskazi: jasho linalodondoka halipozi mwili

Kuanzia Desemba hadi mvua za masika zianze, joto la mchana Unguja na Pemba hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku halishuki sana. Nyuzi hizo peke yake si za kutisha. Kinachowaangusha wakimbiaji wetu ni fukuto: hewa imejaa unyevu wa bahari, na upepo ukikata hata nguo kambani inachelewa kukauka. Na ni katika msimu huuhuu ambapo Siku ya Mazoezi Kitaifa, tarehe 1 Januari, huwatoa barabarani watu wengi ambao hawajakimbia kwa miezi kadhaa.

Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 hutumia takriban kilokalori 700. Zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo hugeuka joto ndani ya misuli, na damu hulibeba hadi kwenye ngozi. Hapo jasho ndilo la kuliondoa, kwa sharti kwamba likauke likiwa juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa kilokalori 580 hivi, yaani karibu joto lote la mbio hizo. Lakini jasho linalotiririka hadi kwenye soksi na kudondoka barabarani limekupotezea maji na chumvi bila kukupoza.

Kwa hiyo tunapinga kabisa desturi ya kujifunga nailoni tumboni au kuvaa jaketi la mvua ili kitambi kipungue. Nailoni inazuia jasho kukauka, joto linabaki ndani, na moyo unasukuma damu kwa shida zaidi. Mafuta ya tumboni hayayeyuki kwa joto. Mizani itaonesha kilo moja pungufu, na glasi nne za maji zitairudisha kabla ya adhuhuri. Viongozi wa vikundi vya mazoezi wasimruhusu mtu kukimbia namna hiyo, hata akisema amezoea.

Mwili unaweza kuzoea joto, ila hauzoei kwa siku moja. Unahitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi karibu kila siku. Katika muda huo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Anza na dakika 20 hadi 30 za mbio za pole, kisha ongeza dakika 5 kila baada ya siku moja au mbili. Ukipumzika wiki moja uzoefu huo huanza kushuka, na baada ya wiki tatu au nne umepotea karibu wote. Anayeshinda ofisini kwenye kiyoyozi, au aliyerudi karibuni kutoka nchi ya baridi, ahesabu kwamba anaanza upya.

Kasi ndiyo jambo gumu zaidi kukubalika, kwa sababu saa ya mkononi inaonesha umezembea. Hujazembea. Damu ileile inagawanywa kati ya misuli na ngozi, kwa hiyo kwa kasi uliyoizoea wakati wa kusi, moyo utaongeza mapigo 10 au zaidi kwa dakika juu ya kawaida yake. Pima kwa mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, kasi inafaa. Ukiwa unajibu neno mojamoja, tembea dakika moja au mbili. Huko Pemba, ambako barabara nyingi za Wete na Chake Chake ni za kupanda na kushuka, mlima utembee tu. Mazoezi ya kasi yahamishie uwanjani, mbio fupifupi zenye mapumziko kivulini.

Saa nzuri ni baada ya sala ya Alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Januari na Februari jua huchomoza takriban kati ya saa 12:15 na saa 12:30, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbio itakuwa bila jua kali. Unyevu wakati huo ni mkubwa, lakini joto liko chini kuliko saa nyingine yoyote. Vaa rangi inayoonekana na kimbia ukitazamana na magari. Jioni nayo inafaa, ila lami na kuta za mjini zilizoota jua kutwa huendelea kutoa joto hata baada ya Magharibi.

Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, tumia hilo. Anza upepo ukiwa mgongoni, rudi ukiwa usoni. Anayekwenda sawasawa na upepo hapati hewa inayopita kwenye ngozi, na hali hiyo ni bora ikupate mwili ukiwa bado haujapata moto. Wanaopenda ufukweni waangalie mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, mchanga mgumu usipatikane. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndizo zenye nafasi asubuhi.

Kuhusu maji, usibahatishe. Jipime uzito kabla ya kukimbia na mara baada ya kurudi, ukiwa umevua nguo zilizolowa na kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni lita moja. Aliyetoka na kilo 68, akakimbia saa moja, akanywa mililita 300 njiani na kurudi na kilo 66.9, ametoa jasho la lita 1.4. Kunywa mililita 400 hadi 500 saa mbili kabla. Mbio zisizozidi dakika 45 hazihitaji chupa; zikizidi, kunywa glasi ndogo kila dakika 20 ukisikia kiu. Ukirudi, kila kilo iliyopotea ilipe kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, polepole kwa saa kadhaa. Ukikuta uzito umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu, na hilo huleta kichwa kuuma, kutapika na hata degedege.

Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi kwenye jasho. Linywe pamoja na chakula chenye chumvi. Aliyetoka jasho jingi sana anaweza kutumia ORS, au lita moja ya maji salama yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Wenye presha wasiongeze chumvi bila kumuuliza daktari.

Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, fukuto likiwa juu. Anayefunga akimbie nusu saa ya pole kabla ya futari, au baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa. Asubuhi asikimbie, maana ana mchana mzima mbele yake bila maji.

Nguo ziwe nyepesi, pana na za rangi isiyokolea. Mikono mirefu na hijabu ya kitambaa chembamba si tatizo, na jua halipigi ngozi. Pamba nzito ndiyo mbaya: inalowa, inaganda mwilini, inachubua. Mwenye homa au anayeharisha asikimbie. Wanaotumia dawa za presha za kukojosha, dawa za mafua na mzio kama piritoni, na wenye vinasaba vya selimundu hata kama hawaumwi, wamuone daktari kabla ya msimu.

Kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni dalili za kusimama, kukaa kivulini na kunywa. Lakini mkimbiaji akianza kupepesuka, kuropoka, kugombana bila sababu au kuzimia, ana kiharusi cha joto, yaani joto la mwili limepanda hadi kuathiri ubongo, mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama ngozi yake imelowa jasho. Mpozeni palepale kwanza huku mwingine akitafuta gari. Mvueni nguo za juu na mumfunike khanga nyembamba iliyolowa, sitara itabaki. Mmwagieni maji mfululizo mwili mzima na kumpepea kwa nguvu. Maji ya kisima ni bora kuliko ya tangi lililopigwa jua. Tumeni mtu dukani alete barafu, ifungwe kwenye vitambaa na kuwekwa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa msimpe kitu mdomoni, wala msimpe panadoli, kwa kuwa joto hili si la homa. Endeleeni hadi fahamu zirudi au aanze kutetemeka, na hata akisema amepona apelekwe hospitali, kwa kuwa figo na ini huweza kuumia siku zinazofuata. Mkojo ukitoka mweusi au wa kahawia arudishwe siku hiyohiyo. Asifanye mazoezi kwa angalau wiki moja baada ya kuruhusiwa, na akirudi aanze tena na dakika 20, kwa idhini ya daktari.