Hedifoni za mgongo wazi: zivae saa mbili ndipo uziseme

Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya alikuja kwenye chumba changu cha kurekodia hapa Mwanga, Kigoma, tupitie nyimbo kumi na mbili za kwaya yake. Nilimwekea hedifoni mbili mezani achague. Dakika moja haikupita. Akashika Beyerdynamic DT 990 Pro na kusema, "Hizi ndizo, fundi. Hizi zinaongea." Zile nyingine, Sennheiser HD 560S, aliziona zimepoa.

Tulipofika wimbo wa tano alikuwa amezishusha shingoni, anasugua sikio kwa kiganja. "Mwalimu, vipi?" Akasema hajui, masikio yamechoka tu. Nikampa zile zilizopoa, akamaliza nazo nyimbo saba zilizobaki bila kuzivua hata mara moja.

Kila wiki naulizwa hedifoni wazi ipi inunuliwe, na naamini watu wengi wanakosea mahali palepale alipokosea mwalimu. Kwenye bei ya kati, yaani laki nne hadi laki nane hivi, karibu zote zinavutia dakika ya kwanza. Kinachozitenganisha ni saa ya pili. Mimi sitoi neno kuhusu hedifoni kabla sijafanya nayo kazi jioni nzima.

Tuanze na mgongo wenyewe. Ndani ya kila upande kuna utando mwembamba uliobandikwa koili, nao unacheza mbele ya sumaku. Utando ukisukuma hewa kuelekea sikioni, unavuta ile ya nyuma yake. Hedifoni iliyofungwa huizuia hewa hiyo ndani ya kikombe, nayo hugonga ukuta na kurudi. Iliyo wazi ina wavu tu nyuma, hewa inajiendea. Ndiyo maana sauti inasikika kama iko chumbani badala ya kubanana ndani ya kichwa. Sennheiser waliuza ya kwanza ya aina hii, HD 414, mwaka 1968, ikiwa na sponji za njano. Gharama yake ni mbili: aliye karibu nawe anasikia unachosikiliza, na wewe unasikia kila bodaboda inayopita.

Kabla ya kulinganisha hedifoni mbili, sawazisha ukubwa wa sauti. Hili watu hawalifanyi, na bila hilo jaribio zima ni bure, kwa sababu sikio huiona yenye sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri. Mimi nina kipande cha boksi nilichokitoboa tundu katikati. Nakilaza juu ya sponji ya hedifoni, nakibana vizuri, naweka maiki ya simu kwenye tundu, kisha nacheza mlio mmoja wa hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde. Namba inayotokea kwenye simu si sahihi kimaabara, lakini sihitaji usahihi huo. Nataka tu hedifoni zote mbili zitoe namba ileile. DT 990 Pro zangu zina ukinzani wa omu 250, HD 560S omu 120, kwa hiyo hazilingani hata kidogo ukizichomeka kwa zamu kwenye simu moja. Hizo za omu 250 zinataka amplifaya au kadi ya sauti yenye nguvu. Kwa simu tupu zitasikika ndogo, na utazilaumu bure.

Halafu sikiliza kitu unachokijua. Mimi natumia rekodi nilizorekodi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwepo pale waimbaji walipoimba. Najua yule dada wa sauti ya kwanza anatamkaje "sifa", "siku" na "mateso". Kiswahili kina "s" nyingi na "sh" nyingi, na hapo ndipo DT 990 Pro zinapojulikana. Zina mlima kwenye sauti za juu, karibu na hezi 8,000, na kila "s" inaruka mbele kama imepigwa mstari mwekundu. Ndiyo iliyomfanya mwalimu aone zinaongea, na ndiyo iliyomchosha.

Kwa fundi madhara ni makubwa kuliko uchovu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazitumia hizo tu. Nilisikia "s" zimezidi, nikazipunguza, nikaridhika. Wimbo ulipopigwa kwenye spika za kanisani, kwaya nzima ilikuwa kama imeimba chini ya blanketi. Nilirudia kazi ya siku nne. Hedifoni hazikuharibika, ni tabia yao, na aliyezizoea anaweza kufanya nazo kazi nzuri. Ila lazima ajue.

Kwenye besi hedifoni wazi nyingi zina udhaifu mmoja. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa mtupu, unatoa hezi 41. Huko chini hedifoni nyingi wazi za koili huanza kufifia, kwa sababu hewa haikubanwa. HD 560S zinajitahidi kuliko nilivyotarajia. HiFiMAN Sundara, ambazo rafiki aliniazima wiki mbili, ni za utando bapa: badala ya koili, waya umesambazwa juu ya utando wote, na besi yake inashuka chini moja kwa moja bila kulegea. Niliwapata wapiga besi ambao sikuwahi kuwasikia vizuri kwenye kazi zangu mwenyewe. Nilifurahi kweli.

Lakini Sundara zina gramu 372. HD 560S zina gramu 240, DT 990 Pro gramu 250. Hizo gramu mia moja na ushee hazisikiki dukani. Mimi nilizisikia saa ya pili, utosini, kisha nyuma ya shingo, na nikajikuta navua hedifoni katikati ya kazi kwa kisingizio cha kunywa maji.

Starehe na sauti ni jambo moja, na hili ningependa lieleweke kuliko yote niliyoandika. Navaa miwani. Mkono wa miwani unainua sponji kidogo juu ya sikio, hewa inavuja, besi inapungua. Dada aliyesuka rasta nene anapata mwanya mkubwa zaidi yangu, na mwenye ushungi anapata kitambaa kati ya sponji na sikio, kinachopunguza sauti za juu. Hedifoni ileile inatoa sauti tofauti kwa kila mmoja wetu. Grafu za vipimo nazisoma, na utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman kuhusu sauti inayopendwa na wasikilizaji wengi umenisaidia sana kuzielewa. Ila kile kichwa bandia wanachokivisha hedifoni kuzipima hakina miwani wala rasta. Jaribu ukiwa umevaa unavyovaa kazini. Bonyeza sponji kwa vidole taratibu huku besi inapiga: ikiongezeka ghafla, ujue kichwani kwako hazikai sawasawa.

Sponji nazo zichunguze. Za kitambaa cha manyoya hazikuchemshi kama za ngozi bandia, na jioni ya joto la Oktoba kabla ya mvua tofauti hiyo utaithamini. Zinanyonya jasho, kwa hiyo mimi nazitoa na kuzifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, zikauke kivulini. Hakikisha kabla ya kununua kwamba zinatoka na za akiba zinapatikana. Waya pia: wa HD 560S unachomoka, wa DT 990 Pro hauchomoki, ukikatika unatafuta mtu wa kulehemu.

Mimi nimebaki na HD 560S kwa kazi za kila siku. Sundara nimemrudishia mwenyewe, na naweka akiba ninunue zangu kwa ajili ya kukagua besi tu, nusu saa nusu saa.

Mvua ikianza kupiga bati naacha kazi. Hedifoni wazi haizuii chochote, na mkono wenyewe huanza kupandisha sauti ili uishinde mvua. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kelele za bati zinakufikisha mbali ya hapo bila kujijua. Nazitundika msumarini, nasubiri ikatike.