Dibaga haijafa, kibadilika ndicho hakipo

"Kaka, hii dibaga imekufa." Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa amechoka na GDB, dibaga yetu, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine ili kutafuta kosa. Tulijibana kivulini pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, laputopu juu ya kreti tupu. Programu yetu ya C inasoma mizani ya dagaa kupitia waya, inaondoa uzito wa gunia tupu, inajumlisha. Mara moja moja jumla ilikuwa inaruka ovyo. Akasimamisha programu katikati ya funksheni, akaandika `print gunia_tupu` ili aone namba iliyomo kwenye kibadilika hicho (jina ambalo programu inatunzia thamani), GDB ikamjibu "optimized out", yaani kimeondolewa wakati wa kuharakisha programu.

Tulikuwa tumekompaili kwa `-O2 -g`: `-O2` inaiambia kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, iifanye programu iwe na kasi, na `-g` inaiambia iweke taarifa za dibaga. Wengi hudhani `-g` inatosha, kumbe yenyewe inachora ramani tu: kuanzia anwani hii ya msimbo hadi ile, kibadilika fulani kiko kwenye rejista fulani, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya kichakataji. Kichakataji cha x86-64 kina rejista 16 tu za kazi za jumla, kwa hiyo ukitumia `-O2` kompaila haiachi rejista ikae bure. Ikishamaliza na kibadilika, rejista inapewa kazi nyingine. Ni kama mizani moja wanayopokezana wachuuzi: ukirudi mwenzako akiwa ameshapandisha gunia lake, namba unayoiona si yako. GDB ingeweza kukusomea namba hiyo. Bora inavyokataa.

Dawa ya haraka ni `-O0`, isiyoharakisha chochote, au `-Og`, inayoharakisha bila kuisumbua sana dibaga, iliyokuja na kompaila ya GCC 4.8 mwaka 2013. Kijana akakompaili upya kwa `-O0`. Kibadilika kikaonekana, thamani yake sifuri, na jumla ikaacha kuruka! Akafurahi. Mimi nikaingiwa na wasiwasi zaidi, maana kosa linalopotea ukibadilisha `-O` mara nyingi ni kibadilika ambacho hakikupewa thamani. Kwa `-O0` kilipata nafasi yake kwenye steki (sehemu ya kumbukumbu ambayo funksheni hutunzia vibadilika vyake), na humo kwa bahati palikuwa na sifuri.

Tukarudi `-O2`, safari hii na `-Wall`, inayoiambia kompaila itoe maonyo, ambayo kumbe hatukuwahi kuiwasha (aibu yangu hiyo). Onyo likatoka kwenye mstari wenyewe: mizani isipotuma uzito wa gunia tupu, hakuna anayekijaza kibadilika.

"Basi niandike `= 0`, kaka?"

Nikamkatalia. Gunia tupu nalo lina uzito, na mnunuzi halipii gunia kwa bei ya dagaa. Sasa programu inagoma kupokea mzigo mpaka mizani itume.