Mabuti mepesi ya kuwindia kwa upinde mwezi Septemba: yanayosemwa na ukweli wake

Msimu wa kuwinda kwa upinde katika jimbo la Colorado, Marekani, hufunguliwa Septemba 2 na kufungwa mwisho wa mwezi. Miguu hupata taabu kwelikweli kipindi hicho: alfajiri umande wa baridi kali, saa sita jua linachoma, alasiri radi na mvua ya ghafla, na yote hayo kwenye miteremko ya mita 2,500 hadi 3,500 juu ya usawa wa bahari. Mwenye bunduki anaweza kubaki mita 200 kutoka kwa mnyama. Mwenye upinde hana budi kumsogelea wapiti (elk, jamaa mkubwa wa kulungu) au kulungu hadi mita 30 au 40. Kwa hiyo hutembea mno, hutoka jasho, na mwishoni lazima anyate. Ushauri mwingi wa viatu unaosikika ni wa Novemba, wa theluji na wa kukaa sehemu moja ukingoja, na watu wetu wanaoanza kuwinda huku wanaumia kwa kuufuata.

“Buti zito ndilo imara, tena ndilo linalookoa kifundo cha mguu”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowachosha watu kuliko zote. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa jeshi la Marekani walipima nguvu ambazo mwili hutumia mtu akitembea na mzigo, wakakuta kwamba uzito ulio mguuni hugharimu mara nne hadi sita ya uzito uleule ukiwa mgongoni. Jozi ya mabuti ya ngozi ya mlimani hufika kilo mbili hivi. Jozi nyepesi ya kitambaa ni kama kilo moja na ushei. Piga hesabu: gramu 900 za ziada miguuni ni sawa na kilo nne na nusu begani, na unazinyanyua kila hatua, tangu gizani asubuhi hadi unaporudi kambini.

Na kifundo? Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa wachezaji zaidi ya 600 wa mpira wa kikapu huko Marekani, wengine wakivaa viatu vya shingo ndefu na wengine vya shingo fupi. Haikuonekana tofauti ya maana katika kuteguka. Uwanja wa kikapu si mlima, nakubali, lakini unatosha kutuonyesha kwamba shingo ya kiatu peke yake si dawa. Kinacholinda kifundo ni misuli yake na wepesi wa mwili kujiweka sawa unapokanyaga vibaya. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huwinda kwa upinde kwenye mawe na miiba wakiwa na katambuga za tairi. Lakini miguu yao imefunzwa na ardhi hiyo tangu utotoni, na wewe uliyeshinda kwenye kiti cha ofisi au cha lori mwaka mzima usijifananishe nao. Anza Juni: panda vilima ukiwa na mkoba, na simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki.

Kuna saa moja ambapo wapenda mabuti magumu wana haki. Dume la wapiti hutoa nyama isiyo na mifupa kilo 80 hadi 100, wakati mwingine zaidi, na nyama hiyo hushuka mlimani migongoni mwenu, kilo 25 au 30 kwa safari. Hapo soli laini hujikunja juu ya kila jiwe na unyayo unawaka moto. Ninachoshauri ni kuacha jozi ngumu ndani ya gari. Unawinda na jozi nyepesi. Mnyama akianguka, mzigo wa kwanza unashuka nao polepole, kisha unabadilisha viatu kabla ya kurudi juu.

“Bila utando wa kuzuia maji umekwisha”

Utando kama wa Gore-Tex hutoa mvuke wa jasho pale ndani ya kiatu panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Mchana wa Septemba nje nako kuna joto, basi mvuke hutoka kwa kusuasua na soksi hulowa kwa jasho lako mwenyewe. Isitoshe, ukivuka kijito maji yakaingilia juu ya shingo ya kiatu, utando ule ule ulioyazuia kuingia sasa huyazuia kutoka, na buti hukaa na maji hadi kesho yake. Kiatu cha kitambaa chenye matundu hulowa upesi na kukauka upesi, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Nyasi za alfajiri zenye umande ndizo hoja nzuri ya wanaotetea utando, na siwezi kuipuuza. Anayewinda wiki ya mwisho ya mwezi, theluji ikiwa imeanza kugusa vilele, ana sababu ya kuuchagua. Kwa wiki za mwanzo, mimi huchagua kitambaa kisicho na utando na jozi mbili za akiba za soksi za sufu ya kondoo wa merino. Soksi za pamba ziache nyumbani: hushika jasho, ngozi hulainika, na ngozi laini ikisuguliwa ndiyo inayoota malengelenge.

“Buti la mpira huficha harufu”

Kwa anayewinda kulungu mkia-mweupe kwenye mashamba ya mashariki, akitembea hatua chache hadi mtini alipofunga kiti chake, mpira una maana, kwa kuwa hauachi harufu nyingi njiani. Mlimani ni mambo mengine kabisa. Mguu hauna pa kupumulia, na wapiti hakunusi kupitia viatu, anakunusi mwili mzima kupitia upepo. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka bondeni. Jua likishapasha mteremko, hewa hupanda. Asubuhi mapema mkaribie ukitokea chini, mchana ukitokea juu, na uwe na kichupa cha unga mwepesi cha kupima upepo kila mara. Unga huo utakusaidia kuliko mpira wowote.

“Buti jepesi halina kelele”

Si kila jepesi. Vingine vina kitambaa cha nailoni kinachokwaruza kwa sauti kikiguswa na kijiti, na soli ngumu inayobofya juu ya mawe. Ukiwa dukani pitisha ukucha juu ya kitambaa usikilize. Kisha kunja kiatu mbele, mahali vidole vinapopinda: kikikunjika vizuri utaweza kuhisi tawi kavu chini ya unyayo kabla halijavunjika.

Hatua za mwisho wengi huvua viatu kabisa. Navaa soksi ya pili nene juu ya ile ya kwanza, nafunga kamba za mabuti pamoja, nayaning'iniza tawini pamoja na utepe wa rangi ya chungwa, na naweka alama kwenye simu. Usilidharau hili la alama. Ukimfuata mnyama nusu saa kwa magoti, kila mti unafanana na mwenzake. Palipo na dungusi au miamba yenye jua usivue, maana mabondeni Septemba bado kuna nyoka wa njuga, na buti la kitambaa halizuii meno yake, sembuse soksi.

Kuhusu rangi ya madoadoa ya kijeshi, hiyo ni ya kumfurahisha mnunuzi. Kulungu na wapiti hawatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, ila bluu wanaiona vizuri. Kahawia ya kawaida inatosha.

“Yanabana kidogo, lakini yatajiachia”

Ngozi hujiachia. Kitambaa cha sintetiki hakijiachii kwa kiasi cha kukuokoa. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi za mchana, ukiwa na soksi zile zile utakazowindia. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, kisha simama kwenye ubao wa mteremko uelekee chini: vidole vikigonga mbele, rudisha. Kisigino kikipanda na kushuka, zungusha kamba mara mbili badala ya moja pale mguu unapopinda, kaza, ndipo uendelee kufunga juu. Fundo hilo hushikilia kisigino nyuma na kuziachia kamba za chini zibaki legevu.

Jozi nyepesi haitadumu kama ya ngozi, na anayekuambia vinginevyo anataka kukuuzia. Povu la katikati ya soli hubonyea likachoka hata juu pakiwa bado pazuri. Mwezi Julai bonyeza ubavu wake kwa dole gumba. Ukiona mikunjo iliyolala isiyorudi, tafuta nyingine mapema, upate wiki kadhaa za kuzizoea kabla ya Septemba.