Faya drili siyo siku ya kuchoma dizeli kwenye karai

Nimesikia tena hapa Malindi mtu wa hoteli akijigamba ati "sisi drili tushamaliza, kila mtu alizima moto", na picha anazo kwenye simu, karai la dizeli linawaka uani, wapishi wamepanga foleni wanapokezana mtungi wa kuzimia moto, mmoja anacheka mpaka kofia imemwanguka. Jamani hayo ni mafunzo ya kuzima moto. Ni mazuri na ni lazima yafanywe lakini drili ni kitu kingine kabisa na hizi mbili zikichanganywa moja huwa haifanyiki, na isiyofanyika kila mwaka ni ileile, drili.

Drili ni zoezi la kutoka. King'ora kinalia, kila aliye ndani anaacha alichoshika, anatoka kwa njia iliyo karibu naye, anafika pahali pa kukutania, anahesabiwa, na kuna mtu na saa yake anapima tangu king'ora kilipolia mpaka jina la mwisho lilipoitika. Basi, maana yake ni hiyo.

Sasa tofauti yenyewe. Kwenye mafunzo ya mtungi unampima mtu, anajua kutoa pini au hajui. Kwenye drili unalipima jengo pamoja na mpango wenu, na majengo yetu yana vituko. Mlango wa nyuma una kufuli, ufunguo uko kwa mtu wa stoo na mtu wa stoo kaenda sokoni. Chini ya ngazi kumepangwa kreti za soda tupu zinangoja lori, mtu wa kwanza anapita kiubavu, wa pili anajikwaa, wa tatu amebeba mtoto sijui atapitaje. Laundri mashine zinanguruma hakuna aliyesikia king'ora, wanakuja kuitwa na kibarua. Hayo yote ungeyajuaje kwa kupuliza poda kwenye karai uani? Kumfunza mtu kuvua siyo kumfunza kuogelea hata kama zote zafanyika baharini.

Na hili halihusu hoteli peke yake. Bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos liliposhika moto Machi 2001, walikufa wanafunzi 67, milango ilikuwa miwili mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Mlango kama ule unagunduliwa siku watu wanapojaribu kuupita, na ile siku ya kwanza ya kujaribu iwe ya drili.

Sheria nayo haijachanganya, ni sisi. Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto kazini za mwaka 2007 zina timu ya kuzima moto na mafunzo yake upande wake, na drili upande wake, angalau mara moja kila miezi 12 na rekodi iwekwe. Ndio maana mkaguzi akiuliza ya drili ukamtolea picha za karai anakuangalia tu.

Halafu kuna hii tabia ya kufanya drili Mei, wageni wameondoka, vyumba vitupu, wafanyakazi nusu wako likizo. Ndiyo mmetoka haraka, nani alikuwa ndani? Mgeni mzee wa Kiitaliano wa ghorofa ya pili aliyelala mchana hakuwepo, zamu ya usiku yenye askari na mtu mmoja wa risepsheni nayo haikuwepo. Drili yenye maana ifanywe watu wapo, na moja angalau iwe ya usiku. Ya kwanza tangazeni watu wasivunjike miguu, ya pili msitangaze, ila zimamoto na majirani waambiwe mapema wasije wakakimbia bure. Na msimamishe mtu kwenye ngazi kubwa akiwa na kibao "hapa pana moto", muone kama kuna anayejua ngazi ya pili iko wapi. Wengi watasimama pale pale wanamuuliza yeye wapite wapi.

Pahali pa kukutania ndipo panaponikera zaidi. Unakuta kile kibao cha kijani kimepigiliwa nguzo ya baa, juu yake makuti! Makuti yakishika hayangoji mtu, cheche zinaruka na upepo mpaka paa la jirani, na wewe umewapanga watu chini yake uwahesabu. Na upepo wetu una misimu. Kwenye kusi moshi unasukumwa upande wa kaskazini, kwenye kaskazi unarudi kusini, kwa hiyo pahali palipokuwa pazuri Januari Julai panaweza kuwa ndani ya moshi. Wekeni pahali pawili, na anayesimamia aangalie upepo ndipo aseme twende wapi.

Kuhesabu nako kunaharakishwa. Meneja anatupa macho anasema "tumetimia". Kutimia kwa orodha gani? Fundi wa makuti aliyepanda paani asubuhi hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, vibarua wa siku hawamo, mgeni aliyeshuka ufuoni yumo ingawa hayupo. Lazima ijulikane ni nani anayebeba daftari la wageni na lile la getini anapotoka, na kama hayupo zamu hiyo ni nani badala yake, maana zimamoto wakifika swali lao la kwanza litakuwa kuna mtu ndani au hamna, na "nadhani hamna" ni kumwingiza mtu kwenye moshi kutafuta asiyekuwemo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mahoteli, ile siku ya karai iendelee, iandikeni tu kwa jina lake, mafunzo ya mitungi. Kwenye ukurasa wa drili andikeni king'ora kililia saa ngapi, wa mwisho alihesabiwa saa ngapi, mlango gani ulikataa kufunguka na nani kapewa kazi ya kuushughulikia. Ukurasa ukisema "zoezi lilifanyika vizuri" halafu basi, rudieni.