Nyumba ya ukingoni Newala inaanza na shimo la tangi

Ukipata kiwanja ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, pale ardhi inapoteremka kuelekea bonde la Ruvuma, achana kwanza na ramani ya vyumba. Piga hesabu ya maji. Huku juu mvua inazama mchangani, mito hakuna, na kiangazi ni kirefu.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa asilimia 20 ya kupotea. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 900 kwa msimu, unavuna lita 72,000. Watu 6 wakitumia lita 25 kila mmoja kwa siku, kwa siku 210 za kiangazi, wanahitaji lita 31,500. Tangi la duara la chini ya ardhi, kipenyo mita 3.8 na kina cha maji mita 3, linabeba kama lita 34,000. Maji ya mvua ya kwanza, lita 50 hivi, yaende nje. Hayo yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Shimo hilohilo ndilo machimbo yako. Udongo wa juu wenye mizizi upeleke bustanini. Ule mwekundu wa chini ufyatulie matofali ya kufungamana. Anza na ndoo 1 ya saruji kwa 10 za udongo, ufyatue machache ya majaribio. Maji yapime kwa mkono: finya donge, liachie kutoka usawa wa kifua. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Likitawanyika kama unga, ongeza maji kidogo. Likibaki bonge, yamezidi. Mchanganyiko uishe ndani ya saa moja, na ukianza kushika usiuzimue tena kwa maji. Matofali yakae kivulini chini ya nailoni, yamwagiliwe siku 7. Ukiyaanika juani, kama wengi wanavyofanya kwa haraka ya kujenga, yanapasuka.

Ukuta usiupige plasta. Ukibaki na rangi ya ardhi iliyouzunguka, na juu ukaweka bati la msauzi la kahawia lisilong'aa, nyumba inapotea katikati ya mikorosho. Ila ukuta wa udongo unaliwa kutoka chini, na matone yanayoruka. Kwa hiyo inua msingi wa mawe sentimita 45 juu ya ardhi na utokeze paa sentimita 75.

Kwenye mteremko, fundi atapendekeza kukata upande mmoja na kujaza mwingine. Kataa. Kifusi kitashuka, ardhi mama, ile isiyochimbwa, haitashuka, na ufa utasimama wima hasa kwenye mpaka wao. Laza nyumba kukingama mteremko, gawa sakafu iwe ya viwango viwili, katikati ngazi 4 za sentimita 15, na kila msingi ufike udongo mgumu.

Tangi likijaa, bomba la ziada lisimwage ukingoni, maana korongo huanzia hapo. Lirudishe nyuma kwenye mtaro uliopimwa usawa, wenye nyasi za vetiva upande wa chini.