Snuka si pool, na makuruta ni akina nani

Mei 2025, kwa kinyozi, televisheni ilikuwa inaonyesha fainali ya Ubingwa wa Dunia wa snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira kwenye mashimo ya meza kwa fimbo, kutoka Sheffield, Uingereza. Zhao Xintong wa China anammaliza Mark Williams wa Wales, anakaribia kuwa Mwasia wa kwanza kulitwaa taji lile. Kijana aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu, akauliza: "Hii pool mbona mipira myekundu imezidi?" Nikanyamaza, maana wembe ulikuwa sikioni mwake. Lakini nimeshalisikia hilo mara nyingi mno.

Snuka si pool. Meza yake ni futi 12 kwa 6. Ya pool pale baa aghalabu ni futi 7. Mipira ni 22: mweupe wa kupigia, 15 myekundu ya pointi moja moja, na 6 ya rangi, kuanzia wa njano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Unatumbukiza mwekundu, unafuatisha wa rangi, wa rangi unarudishwa mezani, unaendelea. Basi.

Sasa jina. Wajuaji watakwambia mchezo umeitwa hivyo kwa sababu ya ile hali, nayo huitwa snuka, ya mpira mweupe kujificha nyuma ya mwingine, mchezaji akakosa njia ya kuufikia anaoutaka. Wamelipindua. Jina la mchezo ndilo lililotangulia, hali hiyo ikalirithi.

Aliyelitoa ni Neville Chamberlain. Si yule waziri mkuu wa Uingereza. Huyu alikuwa ofisa kijana wa jeshi la Waingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875. Uzeeni alisimulia mwenyewe: katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliitwa "snuka". Sisi tungesema kuruta. Siku moja mesini mwenzake akakosa mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo, Chamberlain akamwita snuka. Kisha, ili kumpoza, akaongeza kwamba katika mchezo huu mpya wote walikuwa makuruta. Jina likaganda hapo hapo.

Kwa hiyo wale mabwana wa vizibao na tai za kipepeo, ambao tangu 1977 wanakutana katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, na siku hizi fainali yao ni siku mbili nzima za kuwania kuwa wa kwanza kufikisha fremu 18, yaani raundi 18 za ushindi, wanagombea ubingwa wa makuruta. Mimi hilo hunichekesha kila mwaka.

Na "pool" nayo si bwawa. Ni neno lililotoka kwa Wafaransa, *poule*, fedha ambazo wachezaji huchanga ili mshindi azoe zote. Ndiyo maana pale kijiweni mchezo na dau haviachani. Jina lenyewe lilishasema.

Hapa lazima nikiri jambo linaloniponza. Walichokuwa wakicheza maofisa wale kabla ya kuongeza mipira ya rangi kilikuwa aina ya pool. Kumbe kijana wa kinyozi hakukosea sana, alimwita mtoto kwa jina la baba yake. Nikimkuta tena nitamwomba tu ahesabu myekundu kabla mchezo haujaanza. Ikifika 15, aseme snuka.