Makato ya fedha za kigeni kwenye kadi: yanatoka wapi, na yanakwepwaje

Makato ya fedha za kigeni ni pesa unayokatwa juu ya bei pale kadi yako inapolipia kitu kwa sarafu isiyo ya akaunti yako, au inapomlipa muuzaji aliye nje ya nchi. Hiyo "au" ndiyo inayowashangaza wengi. Mwanafunzi wa Iringa anayelipia maombi ya chuo cha Uingereza kwa simu hajavuka hata Mto Ruaha Mdogo, lakini kwa benki yake huo ni muamala wa nje, na anaweza kukatwa sawasawa na aliyeko London.

Makato yenyewe hupita milango kadhaa. Mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, hubadilisha sarafu kwa kiwango chake cha siku, ambacho kwa kawaida hakiko mbali na cha soko. Kampuni zote mbili zina kikokotoo kwenye tovuti zao, unaweza kukitazama kabla ya kulipa. Juu ya hapo benki yako inaweka asilimia yake. Hiyo huwezi kubishana nayo ukiwa kaunta ya hoteli. Unaijua mapema kwa kusoma orodha ya tozo ya benki, ile karatasi ambayo watu huipita bila kuitazama.

Mlango wa tatu, yaani mashine ya muuzaji au ATM kukubadilishia sarafu papo hapo, ndio wa kuukwepa, na mara nyingi ndio ghali kuliko yote.

Tuseme mfanyabiashara wa nguo wa Mwanjelwa, Mbeya, amefuata mzigo Dubai akiwa na kadi ya akaunti ya dola. Hoteli inamdai dirhamu 1,469. Anachomeka kadi, na mashine inamwuliza: ulipe dirhamu 1,469 au dola 418? Dola anazijua, dirhamu hazijui, basi kidole kinakimbilia dola. Hapo ameshapigwa. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo deni lake halisi ni dola 400. Hizo 18 za ziada, asilimia 4.5, ni faida wanayogawana mwenye hoteli na kampuni inayomchakatia malipo. Angechagua dirhamu, na tuseme benki yake inakata asilimia 2, angelipa kama dola 408. Na kuchagua dola si lazima kumwokoe na benki yake: zipo zinazokata hata hapo, kwa kuwa muuzaji yuko nje.

Kwa hiyo ukiulizwa, chagua sarafu ya nchi uliyopo. Kwacha ukiwa Lusaka, randi ukiwa Johannesburg, dirhamu ukiwa Dubai. ATM nazo huuliza swali hilohilo, kwa maneno ya kutisha kidogo, kana kwamba ukikataa kiwango chao hutapata pesa. Kataa tu, noti zitatoka. Kwa sheria za mitandao ya kadi, uchaguzi ni wa mwenye kadi, si wa mhudumu. Mhudumu akikubonyezea dola bila kukuuliza, mwambie afute muamala arudie, na ufanye hivyo ukiwa bado hapo kaunta na risiti mkononi. Ukishaondoka, kesi inakuwa ndefu.

ATM ina lake jingine: mwenye mashine anaweza kukukata, na benki yako ikakukata kwa kila utoaji. Kutoa mara moja kiasi cha kutosha ni nafuu kuliko kutoa kidogo kidogo kila jioni.

Vipi kuhusu kadi ya dola, ambayo watu huisifia kana kwamba ni kinga? Inafaa sana kama unalipa kwa dola na dola zenyewe unazipata kwa biashara, tuseme unauza mazao nje ya nchi na wanunuzi wa huko wanakulipa. Lakini kama unanunua dola kwa shilingi zako dirishani, umeshalipa tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na ukifika Zambia dola hizo zitabadilishwa tena kuwa kwacha. Hapo kadi ya shilingi huenda isikugharimu zaidi. Piga hesabu kabla ya kufungua akaunti ya pili yenye ada zake.

Jambo dogo la kuangalia: kiasi unachokiona kwenye ujumbe wa simu siku ya kununua kinaweza kubadilika siku muamala unapokamilika, kwa sababu kiwango kimesogea. Ukirudisha bidhaa, unaweza kurudishiwa pungufu kwa sababu hiyohiyo.

Na kwa anayevuka Tunduma kwenda Nakonde kununua vitu vichache na kurudi jioni, kadi ya nini? Nunua kwacha kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, pokea risiti, vuka.